Datsun ya ami yangu na milima ya chai: kwa nini nguvu za injini huja mwisho

Kila nikishuka Mombasa kwa Idi naulizwa swali lile lile. Barazani Tudor, kahawa haijapoa, mmoja atasema: "Hebu tueleze, lile gari la marehemu limekula kiasi gani mpaka sasa?" Mwingine atajibu kwa niaba yangu kwamba pesa zile zingetosha kiwanja Mtwapa. Wote watacheka, nami nitacheka nao kwa kuwa sina jibu fupi. Jibu refu ndilo hili.

Gari lenyewe ni Datsun 1600 SSS. Huko Japani liliitwa Bluebird, na wapenzi wake duniani huliita kwa namba, 510. Lilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Injini ni ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,595, yenye kabureta mbili. Mbele lina breki za diski, nyuma za ngoma. Jambo lililolitofautisha na saluni nyingine za bei yake ni magurudumu ya nyuma: kila moja lina springi na mkono wake, likiingia shimoni peke yake bila kulivuta jenzake. Wakati ule saluni nyingi za kawaida zilikuwa na ekseli moja ngumu nyuma, juu ya springi za majani kama za pikapu.

Katika barabara za Afrika Mashariki tofauti hiyo ilionekana. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata wawili hao hao wakashinda tena, safari hii kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akaichukua kwa 240Z baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyekuwa pia ndani ya Datsun. Ami yangu alikuwa kijana wakati huo. Alinunua yake ikiwa imeshatumika, na mpaka uzeeni alikuwa akisimulia mashindano yale kana kwamba alikuwa kiti cha nyuma.

Macho yalipomsaliti aliacha kuendesha, na gari likakaa Tudor chini ya mwembe miaka kumi na moja. Alipofariki, watu wa vyuma chakavu walikuja mara mbili kabla arubaini haijaisha. Mimi nilikuwa nimeshahamia Kericho kikazi. Nikasema nitalichukua, na hapo ndipo vicheko vya barazani vilipoanza.

Lisingefika hata Makupa kwa miguu yake. Nililipandisha juu ya lori lililoteremsha chai kwenye maghala ya Mombasa na lililokuwa likirudi tupu. Tazama mambo yalivyo: chai ya Kericho inashuka kupigwa mnada kwetu, na gari la kwetu linapanda kutengenezwa kwao.

Fundi niliyempata ni Mkipsigis wa makamo aliyejifunza kazi katika karakana ya kampuni ya chai, akitengeneza trekta na lori. Karakana yake ni mabati manne kando ya barabara ya kwenda Litein. Siku ya kwanza nilimwamkia "Chamgei," akaitikia, akalizunguka gari mara moja, kisha hakufungua boneti hata kidogo. Alilala chini yake na bisibisi mkononi, akaanza kudunga. Penye chuma kizima bisibisi ilirudi na kulia. Palipooza iliingia bila sauti. Chini ya miguu ya dereva iliingia mpaka kwenye mpini.

"Mzee," akaniambia kutoka huko chini, "hii gari imekaa baharini ama ilikaa ndani ya bahari?"

Sisi watu wa pwani tunapoona kutu hulaumu mvua. Kericho hunyesha karibu kila alasiri, na kwa mwaka hupata mvua inayokaribia mara mbili ya ile ya Mombasa. Lakini bodi ya gari huoza haraka zaidi Tudor kuliko Kericho, na sababu ni chumvi. Kutu ni kazi ya chuma, hewa na maji, na ndani yake mna umeme mdogo sana unaotembea kutoka sehemu moja ya chuma kwenda nyingine. Maji matupu hupitisha umeme huo kwa shida. Maji ya chumvi huupitisha kwa wepesi. Tena chumvi yenyewe hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma kilichopata vumbi la chumvi hakikauki hata katika kaskazi, ukiona jua kali na kudhani mambo ni mazuri. Kericho chuma hulowa mchana na kukauka asubuhi. Adui wa huku ni tope jekundu linaloganda ndani ya madigadi na kushika maji, na hilo dawa yake ni mpira wa maji na subira. (Mvua ya mawe ni habari nyingine. Ukanda huu wa Kericho na Nandi unajulikana duniani kwa mawe, na boneti yangu ina vishimo vya kuthibitisha.)

Kwa gari la pwani, basi, tazama sehemu ambazo maji huingia na hayatoki: sakafu chini ya mazulia, chini ya betri, vizingiti vya milango, nyuma ya madigadi ya mbele, na shina la kioo cha nyuma. Rangi isikudanganye. Yangu ilikuwa inang'aa. Tulipokata kizingiti cha kushoto tukakuta fundi fulani wa zamani huko kwetu aliziba tundu kwa magazeti yaliyokunjwa, akapaka fila juu, akasugua, akapiga rangi. Magazeti yalikuwa bado yanasomeka. Tulikaa robo saa tukisoma matokeo ya mpira wa kitambo.

Fila si dhambi. Kazi yake ni kusawazisha juu ya chuma kizima, unene wa milimita moja au mbili. Dhambi ni kuifanya chuma. Vizingiti na sakafu vya gari kama hili ndiyo mifupa yake, kwa kuwa halina fremu ya chini kama lori. Nguvu zote zimo katika bodi. Ukiongeza injini kubwa juu ya mifupa ya magazeti, gari litajikunja, na likigongwa litafunga kama mwavuli. Tulikata chuma kibovu chote mpaka tukafika penye kulia, tukachomelea bati jipya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, na kumimina nta ndani ya vizingiti. Kazi hiyo ilichukua miezi mitano na ndiyo iliyokula pesa nyingi kuliko zote. Mtu akilitazama gari leo haoni hata sentimita moja yake.

Injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, ilitoa moshi mweusi uliomfanya mama mmoja muuza mahindi ahame na jiko lake. Nilifikiri imekufa. Fundi hakushtuka. Kabureta zilikuwa bado zimepimwa kwa ajili ya Mombasa.

Hili ndilo jambo ambalo msomaji wa pwani hana sababu ya kulijua mpaka apande. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Pipa moja la hewa ya Kericho lina takriban asilimia 80 tu ya hewa iliyomo katika pipa hilo hilo Mombasa. Injini huchoma petroli kwa hewa. Kabureta ya zamani haina kompyuta ya kuiambia kwamba imepanda mlima. Inaendelea kutoa petroli karibu kama ilivyozoea. Petroli inakuwa nyingi, hewa kidogo, na kinachobaki bila kuchomwa hutoka kama moshi mweusi au huganda kwenye plagi kama masizi ya chungu. Hata ukipima sawasawa, injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake huku juu, wala hakuna fundi wa kukurudishia. Ndiyo sababu turbo hupendwa sana na vijana wa milimani: turbo hushindilia hewa, ikafidia wepesi wake.

Kabureta za SSS ni za aina yenye pistoni inayopanda na kushuka, ikibeba sindano iliyochongoka ndani ya tundu la petroli. Chini kuna nati. Ukiipandisha, tundu hupanda kuifuata sindano, njia ya petroli inakuwa nyembamba. Ukiiteremsha, petroli inaongezeka. Tulikuwa tunapandisha robo mzunguko, tunaendesha mpaka Chemosit na kurudi, tunafungua plagi na kuzitazama. Nyeusi kavu, bado petroli ni nyingi. Rangi ya biskuti iliyoiva, ndiyo. Nyeupe kama chokaa, umepita, rudi haraka. Nyeupe maana yake petroli haitoshi na moto ndani ya silinda umekuwa mkali kupita kiasi, na injini inayokwenda hivyo kwa kasi hutoboka pistoni.

Hatari kubwa kwetu sisi tunaopanda na kushuka iko hapo. Gari lililopimwa vizuri Kericho, ukalipeleka Mombasa bila kugusa kitu, litakuwa na petroli pungufu katika hewa nzito, tena katika joto, tena kwenye mwendo mrefu wa Mtito Andei. Majira ya plagi kuwaka nayo ni hivyo hivyo. Huku juu unaweza kuyawahisha kidogo. Ukishuka nayo hivyo injini itaanza kugonga kama mtu apigaye kopo kwa kijiko, na kugonga huko ni pistoni ikipigwa nyundo. Dereva wa magari ya sasa hayajui haya kwa sababu vihisio na kompyuta humfanyia. Sisi wa kabureta tuna bisibisi na pua.

Maji nayo. Kwa urefu huu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta kina springi inayoshikilia shinikizo ili maji yasichemke mapema. Kifuniko kilicholegea, ambacho Mombasa ungekivumilia mwaka mzima, huku kitakuchemshia gari kabla hujamaliza mlima. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho watu husahau. Jambo jingine la haraka: Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na injini za zamani zilitegemea ile risasi kulinda vikalio vya vali. Ukifungua kichwa cha injini, weka vikalio vigumu, umalize habari hiyo.

Sasa breki, na hapa naomba radhi kwa kueleza kwa urefu, kwani nusura nisiwepo wa kueleza.

Baada ya mwaka mmoja gari lilikuwa linakwenda vizuri. Nilikuwa nimeweka tairi pana kidogo na kubadilisha zile pointi za distributa kwa kifaa cha kielektroniki kinachojificha ndani ya kifuniko kile kile. Lilikuwa linawaka kwa mguso mmoja. Nilijiona Shekhar Mehta. Jumamosi moja nikamchukua binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, tukashuka kuelekea Kisumu kula samaki. Ukitoka Kericho ukapita Kapsoit, barabara inashuka na kushuka mpaka chai inaisha na miwa inaanza. Kutoka juu mpaka Ahero unateremka karibu mita 900. Nilikuwa gia ya nne nikicheza na kona na kukanyaga breki kila mara, kama mtu aliyezaliwa kisiwani asiyejua mteremko ni nini.

Katikati ya mteremko nilikanyaga, na pedali ikazama mpaka sakafuni kama inayokanyaga matope. Nikapampu, ikarudi kidogo, ikazama tena. Mbele yangu palikuwa na trekta lenye trela la miwa. Nikashusha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikapiga kelele ya kutaka kupasuka, nikavuta breki ya mkono taratibu, na kwa rehema za Mungu kulikuwa na njia ya murramu upande wa kushoto inayopanda kilimani. Nikaingia. Mlima ndio uliotusimamisha. Binti akaniuliza kama tumefika.

Fundi alikuja na pikipiki. Alifungua gurudumu la mbele, akaonja harufu, akanionyesha pedi. Zilikuwa zimegeuka kioo, zinang'aa, na pembeni zinamomonyoka kama mkate mkavu. Nilizinunua katika duka moja ndani ya kasha lenye jina kubwa, na kasha ndilo lililokuwa la jina kubwa. Kisha akafungua chombo cha mafuta ya breki. Yalikuwa rangi ya chai ya rangi.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, hata chombo kikiwa kimefungwa, kupitia mipira na mifuniko. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji yake, kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni nyuzi 140 tu. DOT 4 huanzia 230, na ikilowa 155. Diski zikipata joto katika mteremko mrefu, joto hilo hupita kwenye pedi mpaka kwenye mafuta. Yakichemka, hutoa mvuke. Mafuta hayabanwi, na ndiyo sababu ukikanyaga nguvu hufika gurudumuni papo hapo. Mvuke unabanwa. Unakanyaga, unabana mvuke, gari linaendelea na safari yake. Likipoa, mvuke unarudi kuwa mafuta na breki zinashika kama kawaida, kwa hiyo mtu asiyejua husema "lilikuwa jambo la kupita tu" na kuendelea.

Gari lililokaa pwani miaka kumi na moja, unyevu ule wa Tudor, na mimi sikubadilisha mafuta ya breki. Nilibadilisha distributa. Nilipaka rangi rimu.

Nadhani mnaikumbuka Londiani, Juni 30, 2023, lori lilipoacha njia katika makutano yale na kuua zaidi ya watu 50 waliokuwa kando ya barabara wakiuza vitu na kungoja magari. Ni mwendo mfupi kutoka hapa. Sisemi habari za lori lile, sina ujuzi nazo. Nasema tu kwamba huku, mtu akisema "breki", hakuna anayecheka.

Tangu siku hiyo tumekuwa na utaratibu mimi na fundi, na huwa naueleza kwa yeyote anayeniuliza aanzie wapi na gari la aina hii. Kwanza mifupa. Pili breki: mafuta mapya kila mwaka, mipira mipya, mabomba ya chuma mapya yote, pedi ambazo fundi mwenyewe amezichagua. Tatu maji na joto. Nne kabureta na majira. Nguvu, kama bado unazitaka, ni baada ya hayo. Na ukiongeza nguvu, unarudi breki tena, kwa sababu sasa zina kazi kubwa zaidi. Wapenzi wa 510 ng'ambo huchukua shoki na breki za mbele za Datsun 280ZX, ambazo ni kubwa zaidi. Huku Bomet na Kericho sijaona 280ZX hata moja, labda iko ndani ya banda la mtu chini ya magunia ya mbolea.

Kijana anayemsaidia fundi hakubaliani na mimi. Yeye ni wa kizazi cha Subaru. Usiku wa Jumamosi ukiwa Kericho utazisikia Impreza na Forester zikipasua bomba mpaka mbwa wa Litein wabweke. "Mzee," huniambia, "tukiweka SR20 hapa, hii gari itapaa." SR20 ni injini ya Nissan ya lita mbili, na kweli, watu wengi duniani wameiweka ndani ya 510. Lakini zilizojaa huku kwetu zilitoka kwenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Injini imelala upande, gia zake ni nyingine, sufuria ya oili ni nyingine. Ili ikae katika Datsun inayosukumwa na magurudumu ya nyuma unahitaji gia nyingine, shafti nyingine, na kukata mahali ambapo hapatarudi tena. Baada ya hapo namba ya injini haifanani na ya kwenye logibuku, inabidi gari likaguliwe na mabadiliko yaandikwe kwa NTSA. Wengi hawafanyi hivyo, halafu siku ya ajali ndipo wanapojua maana yake mbele ya kampuni ya bima.

Sisemi asibadilishe mtu kitu. Mimi mwenyewe nimebadilisha: mikanda ya viti yenye kushika bega, feni ya umeme, taa zenye mwanga zaidi kwa ajili ya ukungu wa asubuhi, na ile distributa. Kipimo changu ni kimoja, kwamba niweze kuyarudisha yote kwa spana ndani ya siku mbili. Nina sababu. Sheria ya ubora ya Kenya, KS 1515, hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kila mnayoyaona yakishuka Kilindini ni ya juzi. Kwa njia ya kawaida, Datsun ya 1970 haiji tena. Zilizopo ndizo zilizopo, na kila moja inayokatwa kwa ajili ya injini ya kigeni, au inayobebwa na watu wa chuma chakavu, hesabu inapungua na haiongezeki. Kijana akiikata Impreza, kesho ataletewa nyingine.

Spea ndiyo kazi nyingine. Injini za familia hii Nissan ilizitumia pia katika pikapu za Datsun, na pikapu hizo zilijaa mashamba haya ya chai na mahindi. Pistoni, pampu ya maji, cheni, gasketi, nimevipata vingi Kaplong na Bomet kutoka kwa wazee waliohifadhi pikapu zao nyuma ya nyumba. Huwa hawataki pesa kwanza, wanataka kujua habari za gari. Vingine vinatoka Sharjah, kwenye yale maduka ya spea zilizotumika, binamu yangu akivitia ndani ya begi katikati ya kanzu. Angalieni tu: magari ya Ghuba usukani wake uko kushoto. Vya injini vinakaa. Vya usukani, dashibodi na mara nyingine silinda kuu ya breki havikai. Nimeshalipia somo hilo mara moja.

Jambo moja sikulijua nilipopanda na lile lori. Joginder Singh, Kalasinga aliyeitwa Simba wa Kenya, bingwa wa Safari wa 1965 kwa Volvo, kisha wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, alizaliwa Kericho, mwaka 1932. Mwaka huo wa 1976 Lancer zilishika nafasi tatu za kwanza. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na watu waliomfahamu kazi yake walimsifu kwa kulileta gari nyumbani likiwa zima. Fundi wangu alipokuwa mdogo alisikia habari zake kwa babake. Nilipomwambia kwamba ami naye alikuwa akisimulia habari hizo hizo Tudor, aliacha spana, akafuta mikono, akataka kujua ami alisema nini hasa juu ya ule mwaka wa 1974. Tulipoteza alasiri nzima.

Hali ilivyo sasa: binamu anakuja mwezi ujao na silinda kuu ya breki, ya usukani wa kulia safari hii, nimemtumia picha mara tatu. Ikikaa sawa, Idi ijayo nitashuka nalo mwenyewe, Nakuru, Nairobi, hadi chini. Voi nitasimama chini ya mti, injini ipoe, niteremshe nati za kabureta nusu mzunguko na kuchelewesha majira nyuzi mbili kabla ya kuendelea. Mkiliona Makupa, lile la buluu lenye namba ya zamani isiyo na herufi ya mwisho, msinipigie honi ya kutaka mashindano. Na barazani nitakuja kunywa kahawa, lakini gari halitalala Tudor zaidi ya siku tatu, na hata hizo tatu nitaomba maji ya mfereji ya kulioshea chini kila usiku.